Anza na Mkia: Kuyaelewa Maneno ya Kiingereza Yaliyojengwa kwa "Water"

Kigoma ni mji wa maji, na Kiingereza cha maji kimetuzunguka. Bandarini kuna karatasi za mizigo, hospitalini kuna mabango ya magonjwa, ofisi za bonde la Ziwa Tanganyika zina ripoti nene, na kule Kasulu, katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, huduma ya maji inaendeshwa kwa nyaraka za mashirika ya nje. Wanafunzi wetu wa sekondari wanakutana na maneno hayohayo kwenye Jiografia, Biolojia na Fizikia. Mengi yamejengwa kwa neno "water" lililounganishwa na neno jingine: "watershed", "waterlogged", "waterborne", "water table". Mtu anajua "water" ni maji, neno la pili nalo analijua, anajumlisha, na jibu linatoka kombo. Hata kamusi haimsaidii sana, kwa sababu maneno haya yana utaratibu wao wa kujengwa, na utaratibu huo haufundishwi waziwazi. Mimi hutafsiri nyaraka za aina hii, na naamini kwamba mtu akiushika utaratibu huo, zaidi ya nusu ya maneno haya yatamfungukia bila kuuliza.

Kanuni ya msingi ni hii: katika neno ambatani la Kiingereza, kitu kinachozungumzwa hukaa nyuma, na neno la mbele linakieleza tu. "Watermelon" ni "melon", yaani tikiti, lenye maji mengi. "Water lily" ni yungiyungi, ua la majini. "Rainwater" ni maji, yaliyotoka kwenye mvua. Kiswahili kinakwenda kinyume: tunataja kitu kwanza, sifa inafuata. Tunasema tikiti maji, gugu maji, maji chumvi, maji moto. Ndiyo maana Mswahili akiona "water" limetangulia, akili hukimbilia kudhani kwamba habari ni ya maji. Kwa watu wa reli ya kati nitasema hivi: kichwa cha treni kimefungwa nyuma, kinasukuma mabehewa badala ya kuyavuta. Kwa hiyo, anza na mkia.

Ijaribu kanuni kwa wanyama. "Waterbuck" ni "buck", yaani swala dume, na jina zima ni la kuro, yule mnyama mwenye duara jeupe matakoni ambaye huonekana Ugalla karibu na mito. Haishi ndani ya maji. Huishi jirani na maji. "Water buffalo" ni nyati, lakini ni nyati wa Asia, anayefugwa na kulima mashamba ya mpunga, na kuitwa kwake nyati maji kunamtofautisha na mbogo wetu wa porini ambaye hakuna aliyewahi kumfunga jembe. Ziwani kwetu kuna nyoka anayeitwa "water cobra". Mkia wa jina unakwambia ni jamii ya swila, mwenye sumu, ingawa chakula chake ni samaki. Jina "water snake" kwa Kiingereza huwahusu mara nyingi nyoka wa majini wasio na sumu ya kutisha. Mgeni anayekwenda kupiga mbizi Katonga akisoma haraka, akaona "water" tu katika majina yote mawili, amepoteza onyo lililokuwa nyuma.

"Waterfowl" lina uzito wa kisheria. "Fowl" ni ndege, hasa wa kuliwa, na neno zima ni ndege wa majini: bata mwitu na jamaa zao. Lakini mkataba wa kimataifa wa ardhioevu uliosainiwa Ramsar, Iran, mwaka 1971, ulilitumia neno hilo katika jina lake lenyewe na kulipa maana pana zaidi, yaani ndege yeyote ambaye maisha yake yanategemea ardhioevu. Kwa maana hiyo korongo nyangumi, yule ndege mkubwa mwenye mdomo kama kiatu, anahesabika, ingawa haelei majini kama bata. Jambo hili linatuhusu moja kwa moja, kwa sababu ardhioevu ya kwanza ya Tanzania kuingizwa katika mkataba huo, mwaka 2000, ni Malagarasi-Muyovozi, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 32,500, iliyotanda sehemu za Kigoma na Tabora. Anayesoma nyaraka zake na kutafsiri "waterfowl" kuwa bata anawaacha nje ndege wengi ambao eneo hilo lilitengwa kwa ajili yao.

Sasa geuza. "Water" likikaa nyuma, habari ni ya maji yenyewe, na neno la mbele linasema maji gani. "Groundwater" ni maji ya chini ya ardhi. "Floodwater" ni maji ya mafuriko, "wastewater" ni majitaka, "seawater" ni maji ya bahari. "Headwaters" ni chanzo cha mto, sehemu za juu kabisa. Haya hayasumbui. Linalosumbua kidogo ni "freshwater", kwa sababu "fresh" tumezoea ni kitu kibichi au kipya, kama samaki wa leo. Hapa lina maana ya maji yasiyo na chumvi, na Kiswahili kina jina lake la siku nyingi: maji baridi. Samaki wa maji baridi si samaki wa maji ya barafu. Migebuka na dagaa wetu wanaishi katika maji ya uvuguvugu mwaka mzima na bado ni samaki wa maji baridi. Ziwa Tanganyika peke yake lina karibu moja ya sita ya maji baridi yote yaliyo juu ya ardhi duniani, ukiacha barafu, kwa hiyo neno hili utalikuta kila ripoti. Na ukikuta "cold-water fish", hao ni wengine kabisa: samaki wanaohitaji maji ya baridi kweli, kama trauti wa mito ya milimani.

Mpaka hapo kanuni ya mkia inatosha. Ugumu unaanza pale neno la nyuma lilipobaki na maana ya zamani ambayo Kiingereza cha leo kimeisahau. Neno gumu kuliko yote ni "watershed".

Mwanafunzi akiona "shed" anafikiria banda, na hana kosa, maana "shed" ni banda kweli. Lakini hii ni "shed" nyingine, inayotokana na kitenzi cha kale kilichomaanisha kutenganisha. Wajerumani wana neno la namna hiyohiyo, "Wasserscheide", ambalo hata leo lina maana ya kitenganisha maji. Kitenzi hichohicho cha kale ndicho kilichozaa "bloodshed", umwagaji damu, kwa njia nyingine ya maana. Kwa hiyo "watershed" kwa asili ni mstari wa nchi iliyoinuka, ambao mvua ikinyesha upande huu maji yanakwenda huku, na ikinyesha upande wa pili yanakwenda kule.

Mkoa wa Tabora una mfano mzuri kuliko mingi ya vitabuni. Maji ya mvua yanayoingia mto Igombe, karibu na mji wa Tabora, yanaelekea magharibi hadi Malagarasi, na Malagarasi inamwaga Ziwa Tanganyika kusini mwa mji wa Kigoma. Ziwa lina tundu moja tu la kutokea, mto Lukuga, ng'ambo ya pili pale Kalemie, na Lukuga inaingia katika mfumo wa mto Kongo unaomwaga bahari ya Atlantiki. Maji mengi ya ziwa hupotea kwa mvuke kabla ya kufika Lukuga, lakini njia ndiyo hiyo: tone la Tabora linaelekea Atlantiki, ingawa Bahari ya Hindi iko karibu zaidi. Nenda mashariki, mkoa uleule, hadi Igunga. Mvua ya mbuga za Wembere inakwenda Ziwa Kitangiri na kutoka hapo Eyasi, na huko safari inaisha, maji yanakauka juani bila kuiona bahari yoyote. Upande wa kusini, mto Rungwa unapeleka maji yake Ziwa Rukwa, nalo halina njia ya kutokea. Sehemu ya nchi iliyoinuka kati ya Igombe na Wembere ni "watershed". Ukipita hapo kwa basi huoni kitu. Si mlima, ni tambarare yenye miombo iliyoinuka kidogo tu. Lakini ndipo Atlantiki na Eyasi zinapogawana mvua.

Hiyo ni maana ya Waingereza, na ndiyo iliyo katika silabasi yetu ya Jiografia. Wamarekani nao wanalitumia neno hilohilo kwa maana ya eneo zima ambalo maji yake yanakusanyika mahali pamoja, yaani bonde. Kwa Mmarekani, "the Lake Tanganyika watershed" si mstari mlimani. Ni ardhi yote inayomwaga maji ziwani, kuanzia Burundi hadi Zambia, pamoja na Tabora. Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Ripoti ikisema kilimo kinadhibitiwa ndani ya "watershed", mwanakijiji wa Uvinza ana haki ya kujua kama kinachosemwa ni kingo za vilima au shamba lake la bondeni. Ushauri wangu kwa anayetafsiri: angalia kwanza nani ameandika. Kama ni shirika la Marekani, andika bonde. Kama ni kitabu cha Kiingereza cha shuleni, andika kigawa maji au mstari wa kugawa maji. Kama haijulikani, tazama kitenzi: ukiona mtu "anaishi ndani ya" watershed, ni bonde, kwa sababu hakuna anayeishi ndani ya mstari.

Kutoka kwenye mstari huo wa kutenganisha ndipo ikatokea maana ya mafumbo, "a watershed moment", tukio ambalo baada yake mambo hayakurudi kama yalivyokuwa. Na Uingereza, kwenye televisheni, "the watershed" ni saa 3 usiku: kabla ya saa hiyo vipindi visivyofaa watoto haviruhusiwi. Anayetazama vituo vya Uingereza asitafute mto hapo.

"Waterlogged" lina historia ya mabaharia. "Log" ni gogo. Meli ya mbao iliyojaa maji hadi haisikii usukani, imelala tu inayumba kama gogo, iliitwa hivyo. Kutoka melini neno likahamia nchi kavu, na leo ni ardhi iliyoshiba maji kiasi kwamba hewa haipati nafasi. Wapenzi wa mpira wanalijua kutoka Ligi Kuu ya England: mchezo umeahirishwa, uwanja "waterlogged". Wakulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua wanaijua hali yenyewe hata kama hawalijui neno. Mizizi ya tumbaku inakosa pumzi, majani yananyauka katikati ya mvua, na ndiyo sababu moja ya kupanda juu ya matuta. Hapa tafsiri ya "shamba lenye maji" haitoshi, maana shamba la mpunga nalo lina maji na liko salama. Sema shamba lililotuamiwa na maji.

"Water table" halina meza. "Table" hapa ni usawa, uso bapa. Chini ya ardhi kuna kimo ambacho, ukichimba na kukifikia, kila tundu la udongo na ufa wa mwamba umejaa maji. Kimo hicho ndicho "water table", na maji ya kisima kifupi husimama hapohapo. Kinapanda masika, kinashuka kiangazi. Tabora imekaa juu ya mwamba mgumu wa granaiti ambao hauhifadhi maji mengi, na visima vifupi vingi huko hukauka kabla ya mvua kurudi. Ndiyo maana mji ulitegemea mabwawa kama Igombe, na baadaye bomba refu la maji ya Ziwa Victoria. Kigoma ufukweni mambo ni tofauti. Ziwa lilipopanda miaka ya karibuni, nyumba za chini kabisa ziliona maji yakitokea sakafuni kabla ya wimbi kufika mlangoni. Ziwa lilikuwa limeinua "water table" ya ufukwe mzima.

Na kwa wenye nyumba za bomba: mlio wa "gong" ukutani mtu anapofunga koki kwa ghafla una jina, "water hammer", nyundo ya maji. Hapa kanuni ya mkia inafanya kazi kwa namna ya mafumbo, kwa sababu ni kweli maji yamekuwa nyundo. Maji yaliyokuwa mwendoni yanasimamishwa mara moja, msukumo wake hauna pa kwenda, unapiga bomba. Kwenye bomba kubwa la pampu inayosukuma maji kutoka ziwani kwenda mtaa wa mlimani, nyundo hiyo inaweza kupasua maungio, na ndiyo sababu wafunguaji wa valvu wanafundishwa kufunga taratibu.

Kuna kundi jingine ambalo halina kitu nyuma, lina sifa: "waterproof", "watertight", "water-resistant", "water-repellent". Kwa haraka yote yanatafsiriwa "isiyoingia maji", na wauza simu wanafurahi ibaki hivyo. Tofauti zake ni hizi. "Proof" ni ushahidi katika mahakama, lakini likiwa mkia wa neno lina maana ya kitu kisichopenywa, kama katika "bulletproof" na "fireproof". "Tight" ni kubana: "watertight" ni chombo kilichobanwa viungo vyake vyote, kama boti iliyokalafatiwa vizuri. "Resistant" ni kuhimili, kwa kiasi na kwa muda. "Repellent" ni kufukuza matone yateleze, kama koti la mvua jipya linavyofanya, bila ahadi yoyote ya kuzamishwa.

Chukua boksi la simu mkononi, pale maduka ya Mwanga. Nyuma, kwa herufi ndogo, pameandikwa IP67 au IP68. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. 4 ni kurushiwa matone tu. 7 ni kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30. 8 ni zaidi ya hapo, kwa kiwango ambacho mtengenezaji amekitaja mwenyewe. Majaribio hayo hufanywa kwa maji baridi yaliyotulia na kwa simu mpya. Mvuvi ambaye simu yake imeshaanguka mara kadhaa kwenye ubao wa boti asiihesabu kuwa bado na kinga ileile, kwa sababu mpira wa kuziba huchoka na hupata nyufa. Saa za mkononi ndizo zinazopotosha zaidi. Saa iliyoandikwa "water resistant 30 m" haijaahidi kuzama nawe mita 30. Kipimo hicho ni cha mgandamizo wa maabara, na kwa matumizi ya kawaida kina maana ya kunawa mikono na kunyeshewa. Viwango vya kimataifa vya saa vimeachana na "waterproof" kwa sababu linaahidi kisichowezekana.

Kwenye mambo ya meli, "waterline" ni mstari ambao uso wa maji unaugusa ubavuni mwa chombo. Meli za baharini zimechorwa alama za mwisho wa kupakia, ambazo Uingereza ilizifanya za lazima kwa sheria ya mwaka 1876 baada ya mbunge Samuel Plimsoll kupigania maisha ya mabaharia. Pembeni ya alama hizo kuna herufi F, ya "freshwater", iliyo juu kuliko ya bahari, kwa sababu maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi na meli hudidimia zaidi ndani yake. MV Liemba, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915, imefanya kazi maisha yake yote kwenye maji ya F. Na "watertight" nalo lina habari katika meli hii. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi ili isitekwe, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo grisi nzito ili maji yasiipate. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na Mei 1927 ikarudi kazini. Meli haikuwa "watertight", ilikuwa chini ya ziwa. Mitambo ilikuwa imekingwa.

Nimeacha nafasi kubwa kwa maneno ya magonjwa, kwa sababu hapo tafsiri mbovu inagharimu maisha.

Mwaka 1972 watafiti Gilbert White, David Bradley na Anne White walichapisha uchunguzi wao wa matumizi ya maji majumbani katika Kenya, Uganda na Tanzania. Bradley aliyagawa magonjwa yanayohusiana na maji katika makundi 4, na kila kundi likapata neno lake. Mpaka leo mipango ya afya inaandikwa kwa maneno hayo, na mara nyingi kwa Kiswahili yote yanageuka "magonjwa ya maji". Hapo ndipo tunapoharibu, kwa sababu kila neno linabeba kinga tofauti.

"Waterborne": "borne" ni iliyobebwa. Halihusiani na kuzaliwa, ambako ni "born" bila e. Vijidudu vimebebwa na maji na kuingia kinywani: kipindupindu, homa ya matumbo. Kinga ni maji safi ya kunywa, kuchemsha, klorini, na choo kilicho mbali na chanzo. Mei 2015, maelfu ya Warundi waliokimbia nchi yao walijikuta Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa, bila vyoo vya kutosha na bila maji ila ya ziwani. Kipindupindu kikalipuka, na Liemba ikawa moja ya vyombo vya kuwahamishia Kigoma. Huo ulikuwa ugonjwa wa "waterborne" kwa maana kamili ya neno.

"Water-washed" ndilo neno lenye utata kuliko yote manne. Linaonekana kama ugonjwa uletwao na kunawa. Maana yake ni kinyume: ni ugonjwa ambao kunawa kungeuondoa. Trakoma inayopofusha macho, upele, na hata sehemu ya magonjwa ya kuhara huenea pale maji yanapokuwa machache, hata kama machache hayo ni safi kabisa. Mama wa kijiji kikavu cha Nzega mwenye ndoo moja ya maji yaliyochemshwa amewakinga wanawe na kundi la kwanza, lakini hana ya kuwaosha nyuso. Dawa ya kundi hili ni wingi wa maji karibu na nyumba. Mradi unaojisifu kwa ubora wa maji, huku bomba liko mbali, haujaligusa.

"Water-based" ni ugonjwa ambao kidudu chake kinaishi sehemu ya maisha yake majini, ndani ya kiumbe mwingine. Mfano wetu ni kichocho. Konokono wa majini hutoa viluwiluwi vya minyoo, navyo hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini anafua, anaoga au anavuta nyavu. Tazama tofauti yake na kipindupindu: mtu anaweza kuchemsha kila tone analokunywa na bado akapata kichocho kwa kuingia majini ufukweni kwa dakika chache. Mabango yanayosema tu "chemsha maji kujikinga na magonjwa ya maji" yanampa mvuvi wa Kibirizi matumaini ambayo hayamlindi.

Kundi la 4 ni la wadudu wanaozaliana majini au kuuma karibu na maji: malaria ya mbu, malale ya mbung'o. Hapa maji hayanywewi, hayaguswi, wala hayapungui. Yanamlea mdudu au yanatuvuta tukutane naye. Malale ndiyo iliyowafanya wakoloni wa Kiingereza kuwahamisha watu wengi wa nchi hii ya miombo na kuwakusanya katika makazi mapya. Mapendekezo yangu ya Kiswahili kwa haya manne ni magonjwa ya kunywa maji machafu, magonjwa ya uhaba wa maji ya kuoshea, magonjwa ya kugusa maji, na magonjwa ya wadudu wa kando ya maji. Ni marefu, lakini kila moja linamwambia msikilizaji afanye nini.

Angalizo moja: "waterborne" likitoka hospitali likaingia bandarini, ugonjwa haupo tena. "Waterborne trade" ni biashara ya majini, shehena zinazovuka kwenda Bujumbura na Kalemie.

Kuna maneno machache ambayo kanuni ya mkia haiyawezi. "Breakwater" linaishia na "water" lakini si maji: ni ukuta wa mawe unaovunja mawimbi mbele ya bandari. Limejengwa kama kipaza sauti, ambacho nacho si sauti. "Backwater" kwa asili ni maji yaliyotulia pembeni ya mto, lakini magazetini ni mahali palipoachwa nyuma, pasipofika habari. Wageni wamewahi kuziita hivyo Kigoma na Tabora zote mbili, miji ambayo misafara ya bara zima ilikuwa ikikutania. "Toilet water" kwenye chupa ya manukato si maji ya chooni. "Toilet" ya zamani ilikuwa kujipamba, na hayo ni marashi mepesi. "Running water" kwenye fomu inayouliza hali ya nyumba si mto unaopita. Ni maji ya bomba ndani. W.C. kwenye mlango ni "water closet", choo cha kuvuta maji, ambapo "closet" ni chumba kidogo.

"Watergate" ni jina la majengo ya Washington, ambako mwaka 1972 watu walikamatwa wakiwa wamevunja ofisi za chama cha Democratic. Mambo yaliyofuata yalimfanya Rais Richard Nixon ajiuzulu Agosti 1974, na tangu hapo waandishi wamekata mkia wa jina hilo, "gate", na kuubandika kwenye kila kashfa. Lango wala maji havimo tena. Na kuna jozi ambayo kila mtafsiri aiogope: "water board" ni bodi ya maji, chombo cha heshima kama hiyo bodi ya bonde iliyo hapa mjini, "waterboarding" ni mateso ya kumfunika mtu uso kwa kitambaa na kummwagia maji hadi ahisi anazama. Herufi tatu tu zimeongezeka.

Baki suala la kuandika. Mengine huandikwa pamoja, "waterfall", mengine kwa kistari, "water-resistant", mengine mbalimbali, "water table". Kamusi zenyewe hazikubaliani kwa yote, kwa hiyo mwanafunzi asipoteze usingizi. Ashike kamusi moja na kuifuata. Sikio linasaidia zaidi. Ambatani ya kweli kwa kawaida hupigwa mkazo mbele: WAterfall, WAtermelon, WAtershed, na sehemu ya nyuma inatamkwa kwa wepesi. Maneno mawili yaliyokaribiana tu bila kuungana hupata mkazo nyuma: "deep WAter", maji marefu, "cold WAter", maji ya baridi. Wanafunzi wa Kigoma, waliozoea mkazo wa Kiswahili unaokaa silabi ya pili kutoka mwisho, husema "waTERfall", na mwalimu akiwarekebisha mkazo anakuwa amewasaidia pia kusikia kwamba hilo ni neno moja, linalohusu maporomoko, kama yale ya Igamba kwenye Malagarasi ambayo yamechaguliwa kwa mradi wa umeme wa megawati 49.5.